Baba na Simba wa Chicago

Baba alikuja Chicago mwishoni mwa Novemba, majira ambayo hata wenyeji hawamshauri mgeni aje. Bei ya tikiti ndiyo iliyoamua. Nilimpokea na koti, kofia, glavu na fulana mbili nzito, akavaa vyote palepale uwanja wa ndege huku akinung'unika kwamba namfunika kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Orodha nilikuwa nayo tayari. Miaka sita nimeishi mji huu kwa kazi za zamu, na sehemu nyingi ambazo watu huvuka bahari kuja kuziona mimi nazipita nikiwa nasinzia ndani ya treni. Kwa hiyo ziara ya Baba ilikuwa pia kisingizio changu.

Tulianzia Art Institute, jumba la sanaa la Michigan Avenue. Nje, huku na huku ya ngazi, wanasimama simba wawili wa shaba iliyogeuka kijani kwa umri, kazi ya Edward Kemeys. Wako hapo tangu 1894. Krismasi ikikaribia huvishwa shingoni mashada makubwa ya majani mabichi na utepe mwekundu. Baba alipowaona akavua kofia, kwenye baridi ile.

"Nani amekufa?"

Nilicheka mpaka watu wakageuka. Kwetu Voi shada la duara lina kazi moja tu, na kazi hiyo si furaha. Nikamweleza kwamba ni pambo la sikukuu, na kwamba timu za hapa zikitwaa ubingwa simba haohao huvishwa kofia za wachezaji. Akairudisha kofia kichwani, lakini polepole, kama mtu ambaye jibu halijamtosha.

Kutoka pale ni hatua chache hadi Millennium Park, bustani iliyofunguliwa 2004 juu ya njia za reli. Nilipomwambia kwamba treni zinapita chini ya miguu yetu, akasimama kusikiliza. Lile umbo la chuma king'aacho la Anish Kapoor, ambalo wenyeji wameliita Haragwe wala hawajali jina lake rasmi, halikumchukua hata dakika tano. Alijiona humo amevimba tumbo, akasema, "Mama yako akiiona picha hii atajua umenilisha," basi. Kilichomshika ni majina. Kiwanja cha kuteleza kwenye barafu kina jina la ukoo. Jukwaa la muziki, jina la ukoo. Chemchemi, vivyo hivyo. McCormick, Pritzker, Crown.

"Huyu naye ni nani?"

"Mwenye pesa, Baba."

"Na huyu?"

"Mwenye pesa pia."

Akawa anayasoma yote kwa sauti, hata yaliyochongwa ukutani kwa herufi ndogo, mpaka mimi nikahisi baridi kwenye meno.

Jambo ambalo sikuliweka kwenye orodha ndilo alilolipenda kuliko yote: treni. Baba alifanya kazi reli miaka thelathini na miwili, katika gengi la kukarabati njia. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba za reli na nimelala na kelele za mabehewa ya mizigo. Hapa treni za katikati ya mji hupita juu ya barabara, kwenye nguzo za chuma, na ule mzunguko wenyewe, wanaouita Loop, ulikamilika 1897. Baba akapiga hesabu. Reli yetu ilianza kutandazwa kutoka Mombasa 1896.

"Kumbe walikuwa wakitandaza pamoja na sisi," akasema. Ungedhani alikuwepo.

Usiku mmoja nilimpeleka kusikiliza muziki wa blues. Kabla ya hapo tulipita State Street, kwenye jengo lililochorwa sura ya Muddy Waters, mwanamuziki wa blues, upande mzima wa ukuta, nikamwambia kwamba alikuja hapa kutoka Mississippi mwaka 1943, naye kwa treni, kama maelfu ya watu weusi waliokimbia mashamba ya kusini. Ndani ya klabu Baba alikunywa soda moja kwa saa mbili. Alisema lile gitaa linalia kama mstaafu anayefuatilia pensheni. Sijawahi kusikia uchambuzi wa blues unaopita huo.

Siku ya nne, makumbusho ya Field Museum.

Nilimficha. Nilimwambia tu kuna wanyama. Tuliingia ukumbi mkubwa, tukampita dinosaria mwenye urefu wa mita 37 aliyewekwa katikati, tukawapita wale tembo wawili wanaopigana, nikamwongoza hadi kwenye wanyama wa Afrika. Nyuma ya kioo wako wawili, mmoja amesimama, mmoja amejilaza. Baba akasoma kibao. Akaondoa miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Tsavo," akasema. "Hawa ndio wale?"

Ndio wale. Walioua wajenzi wa daraja la Tsavo mwaka 1898, miezi kadhaa, wakiwatoa watu ndani ya mahema, hadi kazi ikasimama. Daraja ambalo Baba amelikagua kwa miguu mara zisizohesabika. Patterson, Mwingereza msimamizi wa ujenzi, aliwapiga risasi wote wawili Desemba ile, akakaa na ngozi zao sakafuni kama mazulia kwa takriban robo karne, kisha akaziuzia makumbusho haya kwa dola 5,000. Ndiyo maana wanaonekana wadogo. Ngozi ya zulia haitoshi simba mzima.

"Hawana hata manyoya shingoni," Baba akasema. "Wale wa shaba kule mjini ni simba kuliko hawa."

Nilimsomea niliyoyajua. Kwamba mmoja alikuwa na jino lililovunjika na jipu kwenye mzizi, na huenda maumivu hayo ndiyo yaliyomsukuma kwa binadamu, windo laini. Kwamba mwaka 2024 watafiti, akiwemo mtaalamu wa makumbusho ya taifa ya Kenya, walichapisha matokeo ya kuchunguza nywele zilizonasa kwenye meno yao, wakakuta twiga, pundamilia, choroa, kuro, nyumbu. Na mtu.

"Mtu gani?"

"Hawakusema, Baba. Ni nywele tu."

"Waliokufa walikuwa wangapi?"

Hapo ndipo penye shida. Patterson aliwahi kudai 135. Watafiti waliopima mifupa na nywele za simba hao walikadiria kama 35. Katika kitabu chake cha 1907 alitaja Wahindi 28, pamoja na Waafrika ambao, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuna kumbukumbu rasmi iliyowekwa.

Baba alikaa kwenye benchi. Watoto wa shule walikuja, wakapiga kelele za simba, wakaondoka. Wengine wakaja. Katika gengi, akaniambia, kila asubuhi jina linaitwa kabla nyundo haijashikwa. Mtu asipoitikia anatafutwa, hata kama amelewa, hata kama amekwenda kwa mwanamke. "Daftari lilikuwepo," akasema. "Huwezi kulipa watu bila daftari." Kisha akageuka kuangalia ukuta wa nyuma yetu, na nikajua anatafuta nini.

Nilikuwa nimenunua tikiti za kupanda Willis Tower jioni ile, ghorofa ya 103, sakafu ya kioo. Baba akasema amechoka kuangalia, anataka kukaa kwenye treni. Pesa zangu zikaenda. Tukapanda, tukauzunguka mji juu juu, tukashuka, tukapanda nyingine, taa zikiwaka madirishani mwa maofisi karibu ungeweza kuzigusa.

Aliniomba kalamu. Juu ya ramani ya makumbusho, pembezoni, akaanza kuandika majina, moja chini ya jingine, kwa ule mwandiko wake wa fomu za reli. Mengine niliyatambua, wazee waliokuwa wakinipa miwa nilipokuwa mdogo. Nilihesabu kumi na saba nafasi ilipokwisha. Akaigeuza ramani, akakuta upande wa pili umejaa picha.

"Una karatasi nyingine?"

Nikampa risiti ya tikiti za Willis Tower.