Imani ya Waliobeba

Ndugu wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo.

Wiki hii nimekaa na sura ya pili ya Injili ya Marko, pale watu wanne wanapomleta mwenye kupooza, wakashindwa kumfikia Bwana kwa sababu ya umati, wakaitoboa dari na kumteremsha mbele yake. Mwinjili hatuambii majina yao. Anasema tu kwamba Yesu, "alipoiona imani yao", alimwambia mgonjwa kuwa amesamehewa dhambi zake. Imani yao, wale waliobeba. Neno hilo limenirudisha kwenye kanisa dogo la kwanza la misheni ya Bagamoyo, ambalo leo umebaki mnara wake tu.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwaka 1868, wakaanzisha misheni yao kando ya mji uliokuwa mwisho wa safari ya misafara ya kutoka bara, misafara iliyoshusha pwani pembe za ndovu pamoja na watu waliofungwa minyororo. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya majengo ya misheni, na kanisa ninalolitaja ni la mwaka huohuo.

Waumini wake wa kwanza walikuwa hasa watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto, ambao baadhi yao mapadri waliwanunua katika soko la Unguja ili wawaache huru, kabla soko hilo halijafungwa mwaka 1873. Nawaomba tutulie kidogo hapa. Mtoto aliyeporwa kijijini kwao hakuwa na shangazi wala mjomba Bagamoyo, wala mzee wa kumsimulia habari za babu zake. Sitaki kuyapamba maisha ya misheni, kwani kazi zilikuwa nyingi na kanuni zilikuwa kali, na kumlipia mtu fedha sokoni, hata kwa nia ya kumkomboa, ni jambo linalouma. Hata hivyo, mtoto asiye na ukoo alipoinamisha kichwa kwenye maji ya ubatizo, aliingia katika familia ambayo hakuna mfanyabiashara aliyeweza kuiuza, na mimi naamini kwamba hapo ndipo parokia ilipozaliwa, kabla jiwe lolote halijawekwa.

Tarehe 24 Februari 1874 mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulifikishwa katika kanisa hilo na kulazwa humo. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa kitambaa cha pamba na magome ya mti na kuushonea ndani ya turubai, kisha wakaufunga kwenye mti wa kuchukulia mabegani. Njia yao ilizidi kilometa 1,500. Karibu na Tabora walikutana na Wazungu waliowashauri wamzike palepale, nao wakakataa. Mbele zaidi, walipohofia kwamba wenyeji hawataruhusu maiti ipite, waliufungasha upya mwili ule uonekane kama mtumba wa nguo, wakaendelea na safari.

Mara nyingi nimeufikiria usiku ule. Livingstone hakuwa Mkatoliki, lakini mapadri walimfungulia mlango, na waliokombolewa walikesha chini ya paa moja na mwili wa mtu aliyetumia sauti yake kuupinga utumwa. Siku iliyofuata mwili ulipelekwa Unguja kwa meli, na mwezi Aprili ukazikwa London. Kati ya waliotoka naye Chitambo, ni Jacob Wainwright peke yake aliyesafiri na jeneza hadi kwenye mazishi hayo. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha, na wabeba mizigo wengine walilipwa ujira wao wakatawanyika.

Mnara uliobaki unaitwa Mnara wa Livingstone. Umepewa jina la aliyebebwa. Silalamiki, kwa maana hata Injili inamkumbuka mwenye kupooza zaidi ya rafiki zake wanne, ila ningependa kila anayesimama mbele ya mlango ule ayatazame pia mabega yaliyopita hapo.

Mabega hayo hayakupumzika. Mwaka 1877 misheni ya Mhonda ilipoanzishwa bara, familia za Kikristo kutoka Bagamoyo zilifuatana na mapadri, zikaenda kujenga na kulima huko. Watu walioletwa pwani kwa nguvu walirudi bara kwa miguu yao wenyewe wakiwa na Injili. Katika historia nzima ya parokia ile sijui sura inayonigusa kuliko hiyo.

Jumamosi, jumuiya yetu itakapokutana, napendekeza tuisome Marko 2:1-12 polepole, kisha kila mmoja ataje kwa sauti jina la mtu aliyembeba hadi kanisani: mama, bibi, katekista, msimamizi wa ubatizo. Kwa wale wa Bagamoyo ambao majina yao hatuyafahamu, tutanyamaza kwa muda, halafu tutasali pamoja Baba Yetu.