Gogo limelala ila halijalala

Kidole gumba changu cha kushoto kina kovu kama la sentimita 2 hivi, na kila anayejua kwamba huwa najitolea kufungua njia za msituni anajua moja kwa moja ni chensoo, ule msumeno wa injini. Wala. Ni kale kamsumeno ka kukunja, kale kanakoingia mfukoni. Nilikuwa nimeshika tawi kwa mkono wa kushoto karibu kabisa na pale ninapokata, nikaanza kuvuta kwa spidi kabla meno hayajaingia vizuri kwenye mti, msumeno ukaruka ukaja kwenye kidole. Glavu nilikuwa nazo. Kwenye begi.

Kwa hiyo naanzia hapo, kwenye msumeno mdogo, maana ndio hakuna anayeuogopa. Mkono usiokata uwe mbali, vuta taratibu mara mbili tatu mpaka upate mchirizi, ukishauma ndo uongeze kasi. Kama tawi ni zito piga kwanza kidogo kwa chini halafu ndo umalizie kwa juu, la sivyo litakatika kabla hujafika mwisho linachuna gome mpaka kwenye shina na linakuja na uzito wake wote upande ambao hukupanga.

Sasa mambo yenyewe ni magogo. Mti umeanguka umekatiza njia, umelala pale kimya, unaona kama ni kitu kilichokufa. Hapana bana. Chukua kijiti kibichi ukikunje taratibu uone, upande wa ndani wa pindo unabanwa na upande wa nje unavutwa, na gogo ni hivyohivyo ila lenyewe lina kilo mia kadhaa. Likiwa limeshikiliwa huku na huku na katikati pako hewani, juu ndo kumebanwa na chini kumevutika, kwa hiyo ukikata tu kutoka juu unashangaa gogo linafunga mdomo na msumeno wako umo ndani (mimi nimewahi kukaa karibu saa nzima na kabari na nyundo nikikomboa msumeno, wenzangu wamekaa pembeni wanacheka). Hapo unaanza juu kidogo, unamalizia kwa chini. Likiwa limeshikiliwa upande mmoja tu na kichwa kinaning'inia, unageuza, chini kwanza halafu juu. Na kuna lile lililobanwa kati ya miti miwili iliyosimama likapinda kwa ubavu, hilo ndo baya, maana likiachia linafyatuka kuelekea upande uliovutika, ule wa nje wa pindo, na watu wengi wanasimama hapohapo kwa sababu ndo kuna nafasi. Simama ndani ya pindo.

Kitu kingine ambacho sikukijua mpaka nilipoonyeshwa: mti uliong'oka na mizizi yake. Ukikata shina, lile zigo la mizizi na udongo halina tena kinacholivuta chini, linaweza kurudi likasimama wima kwenye shimo lake kama vile halijawahi kuanguka. Kwa hiyo asiwepo mtu kwenye shimo. Hata wa kupiga picha, hasa wa kupiga picha.

Mlimani unasimama upande wa juu wa gogo, kipande kikikatika kitabiringika kwenda chini, na hakikisha chini hakuna mtu wala hakuna njia inayopita kwa chini yake ambayo mtu anaweza kutokea. Na kabla ya yote hayo angalia juu! Sisi wote tunatazama msumeno, tawi kavu lililokwama juu lenyewe halikutazami, linashuka tu.

Chensoo siwezi kukufundisha kwa maandishi na usikubali mtu akufundishe kwa maandishi, nenda kwa anayejua akusimamie. Ila hili moja ulijue hata kama wewe kazi yako ni kuburuta matawi tu: pale kwenye ncha ya msumeno, nusu ya juu ya ncha, cheni ikigusa mti msumeno unaruka juu na kurudi usoni kwa mwenye kuushika, na inatokea haraka kuliko wewe kushtuka. Ndo maana kidole gumba kinazunguka mpini wa mbele kabisa, kichwa hakikai kwenye mstari wa cheni, hukati juu ya mabega, na breki ya cheni inajaribiwa kabla ya kazi. Suruali za kujikinga nazo watu wanadhani ni ngumu kama bati, kumbe ndani zina nyuzi ndefu ambazo cheni ikizigusa inazivuta na kujisokota nazo mpaka inasimama. Ikishakatwa hivyo hiyo suruali imemaliza kazi, usiishone. Petroli unaweka injini ikiwa imepoa, halafu unasogea angalau mita 3 ndo unawasha, chini ardhini, sio kuuning'iniza mkononi na kuvuta kamba kama kwenye sinema.

Ule msumeno mrefu wa kuvutwa na watu wawili mimi ndo naupenda, hauna kelele mnasikizana. Siri yake ni kuvuta tu, usisukume, ukimsukumia mwenzako msumeno unajipinda. Ukiubeba meno yawe yamevalishwa kitu, hata bomba la maji la zamani lililopasuliwa kwa urefu linatosha.

Huduma ya kwanza wajue watu wasiopungua wawili, maana aliyekatwa anaweza kuwa ndo yule anayejua. Na mjue mpo wapi kiasi cha kumwelekeza mtu kwa simu, na wapi simu inashika.

Mara ya mwisho tulipotoka tulikuta mti mkubwa umeegemea mwingine, haujafika chini, juu umekwama na chini umejikunja kama upinde. Ilikuwa jioni, wote tumechoka, na kila mtu anasema tumalizie huu mmoja tu ndo twende (hilo neno "mmoja tu" siku hizi likitamkwa mimi nazima msumeno). Kiongozi wetu akauzunguka mara mbili bila kusema kitu, akafunga utepe mwekundu pande zote mbili za njia, akapiga picha ya kuwatumia wanaosimamia msitu. Wakapita vijana wawili wakauliza, vipi wazee, mmeshindwa?

"Ndiyo," akasema, akaendelea kuvalisha msumeno bomba lake.