Umekata Mikia?

Harufu ndiyo iliyonidanganya. Nilipofunua ile sahani ya petri baada ya wiki mbili, ilinuka kama ardhi iliyopigwa na mvua ya kwanza. Juu ya agari, rojo iliyoganda ya kuoteshea vijidudu, palikuwa na kidoa cheupe kama chokaa, kigumu, sindano inateleza juu yake. Streptomyces, nikajiambia, bakteria wa udongo, jamaa hao ndio wanaoupa udongo harufu ile. Nilikuwa nimemkwangua ukutani katika mapango ya Amboni, Tanga, mbali na kinyesi cha popo, pale kiongozi wetu alipotuambia tuzime tochi tulione giza lenyewe.

Nikatoa DNA, nikakuza jeni ya 16S, ile ya kutambulia bakteria, yenye herufi kama 1,500, nikaipeleka ikasomwe. Majibu yakaja Ijumaa jioni. Katika hazina ya jeni, aliyemkaribia zaidi alifanana naye kwa asilimia 97.3. Ukishuka chini ya 98.7, una haki ya kudhani umepata spishi mpya. Usiku uleule nikampigia Mama: nimepata kiumbe asiyejulikana na mtu yeyote, na nitampa jina la Amboni.

"Anauma?" akauliza.

Jumatatu msimamizi wangu hakutazama namba kabisa. Alifungua mchoro wa usomaji, ule wenye vilima vya rangi nne, akaenda moja kwa moja mwisho, ambako vilima vilikuwa vimelaliana ovyo.

"Umekata mikia?"

Sikuwa nimekata. Mwanzoni na mwishoni mashine hubahatisha herufi, na kila ilipokosea mimi nilihesabu tofauti. Tukakata, tukasoma jeni kutoka pande zote mbili: 99.7.

Bado nikang'ang'ania. Kwa Streptomyces, 16S pekee haitoshi kuamua, na hilo ni kweli, ingawa mimi nililishika kama mfa maji. Msimamizi akaniacha nisubiri jenomu nzima, yaani DNA yake yote. "Hata akiwa mpya," akasema, "utampeleka akiwa hai kwenye hifadhi mbili za vijidudu, nchi mbili tofauti, ndipo jina likubalike."

Jenomu ikaja: ilifanana na ya spishi inayojulikana kwa asilimia 98. Kwa jenomu nzima, mpaka wa spishi uko kwenye 95 hadi 96. Alikuwa na jina tayari, kapewa na watu waliomtoa kwenye udongo wa kawaida tu. Nikamtia kwenye gliseroli, nikamfungia kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri, na namba yake kwa kalamu ya wino mzito.

Mama hakuwa amesahau. "Yule mdudu wako umeshampa jina?"

"Analo, Mama. Analo tangu zamani."

"Kumbe ana kwao," akasema, akaanza kunieleza bei ya nazi.