Kijana alitumia saa ngapi? Anzia hapo

Utafiti mpya ukidai kwamba mitandao ya kijamii inawaletea vijana sonona, mimi hukimbilia sehemu ya mbinu kuona saa za matumizi zilipatikanaje. Mara nyingi ni dodoso tu: "Kwa siku unatumia mitandao saa ngapi?" Kijana anayeshika simu dakika moja hapa, tatu pale, tangu asubuhi hadi usiku, atajumlishaje? Anakisia. Mwaka 2021 mtafiti Douglas Parry na wenzake walikusanya tafiti zilizolinganisha makisio ya watu na kumbukumbu za vifaa vyao. Uhusiano ulikuwa takriban 0.38 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni kulingana kikamilifu), yaani wa wastani tu. Na ikiwa mwenye huzuni anakisia tofauti na asiye nayo, kosa hilo la kipimo peke yake linatosha kuzaa "madhara" yasiyokuwepo.

Kisha natazama ukubwa. Maneno "uhusiano wa maana kitakwimu" yasikutishe: kwa sampuli ya watu 10,000, uhusiano wa 0.02 unatosha kuvuka mstari ambao watafiti huutumia kusema matokeo si ya bahati tu, p<0.05. Mwaka 2019 watafiti Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua takwimu za vijana 355,358 wa Marekani na Uingereza, wakakuta matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Kuvaa miwani kulikuwa na uhusiano mbaya zaidi ya huo! Walionyesha pia kwamba takwimu za Uingereza pekee zingeweza kuchambuliwa kwa njia zaidi ya milioni 600. Ndiyo maana nauliza kama mpango wa uchambuzi ulisajiliwa kabla ya takwimu kuguswa. Bila hivyo, mtu anaweza kuchagua njia inayompa jibu alitakalo.

Mwelekeo nao, yaani kipi ni sababu na kipi ni matokeo, una utata, kwani huenda mpweke ndiye anayekimbilia simu. Majaribio ya kuacha mitandao kwa wiki moja hayamalizi ubishi: mshiriki anajua yuko kundi gani na anahisi kinachotarajiwa kwake, na mara nyingi ni mwanafunzi wa chuo, si mtoto wa miaka 13.

Linaloniuma ni kwamba wapo watoto wanaoumizwa kweli mtandaoni, na wastani huwameza. Saa mbili za kuzungumza na binamu na saa mbili za kutukanwa huandikwa namba ileile. Dodoso lenye faida kwao lingeuliza waliona nini, kutoka kwa nani, na kama walilala usiku ule.