Jino la mwanangu lilivyotoka zima na tukalirudisha

Naandika hii hasa kwa wazazi wenye watoto wa shule ya msingi na walimu wao, maana nimeona kwa macho yangu jino la ukubwani limetoka zima na mzizi wake likarudi mdomoni na likashika, na watu wengi mtaani kwetu hawajui kama hiyo kitu inawezekana, wanajua likishatoka ndo basi tena. Nusu saa ya kwanza ndo kila kitu, na hiyo nusu saa dokta hayupo, upo wewe barabarani na mtoto analia mdomo umejaa damu.

Kijana wangu ana miaka 11, yuko darasa la sita, tunakaa Kihonda hapa Morogoro. Jumamosi jioni alikuwa anashuka na baiskeli ya rafiki yake kwenye barabara ya changarawe nyuma ya kwetu, tairi la mbele likaingia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua, akarushwa, mdomo ukapiga usukani. Nasikia kelele za watoto, natoka namkuta ameshika mdomo kwa mikono miwili damu inapita katikati ya vidole. Cha kwanza nikamwangalia kama yuko sawa kichwani, nikamuuliza jina la mwalimu wake akajibu, hakuzimia, hatapiki. Hapo angekuwa amezimia hata kidogo au anatapika ningeachana na habari za jino nikakimbilia hospitali moja kwa moja. Nikamsukutua kwa maji safi nikachungulia, jino la mbele la juu halipo, pamebaki shimo, la pembeni yake limekatika kona, na mdomo umechanika kwa ndani.

Mama mmoja jirani yangu, mtu mzima namheshimu sana, akasema mwanangu mpe pole mtoto, hilo jino lirusheni juu ya bati litaota lingine. Ndivyo tulivyokua wote, ila hayo ni meno ya utoto. Meno mawili ya mbele ya juu ya ukubwani yanaota mtoto akiwa na miaka 7 au 8 hivi, na nyuma yake hakuna tena lingine linalosubiri. Kwa huyu wa miaka 11 hilo lilikuwa ndo la maisha.

Mungu akanijalia nina wifi yangu, mke wa kaka, ni tabibu wa meno yuko Dodoma. Nikampigia. Nilivyomwambia tu, hata pole hakunipa, akauliza, "Wifi, jino liko wapi?" Nikasema halijaonekana. "Litafuteni sasa hivi, na ukilipata shika upande wa kutafunia, mzizi usiuguse kabisa." Akaniambia pia tukilikosa lazima nimwambie dokta, maana mtoto anaweza kulivuta na pumzi likaingia mapafuni, na hapo inabidi apigwe picha ya kifua. Basi watoto wote wa mtaa wakainama na simu za wakubwa zao wanamulika, giza linaanza kuingia, mpaka kabinti kamoja ka jirani kakaliona pembeni ya mfereji. Na kile kipande kilichokatika kwenye jino la pili nacho kikaonekana, wifi akasema kiweke kwenye maji safi usikitupe, kinagandishwa.

Nikaona jino zima kwa mara ya kwanza mkononi mwangu. Mzizi ni mrefu kuliko ile sehemu nyeupe tunayoiona kila siku, na umevishwa utando mwembamba wa rangi ya nyama, umeshika vumbi jekundu. Mkono ulitaka kuusugua. Wifi kwenye simu kama alikuwa ananiona, "Usisugue, usiweke sabuni, usiweke spiriti, usifute na tishu." Ule utando ndo unaoshikilia jino kwenye mfupa, una chembe hai, na zikikaa kavu zinaanza kufa, ikifika saa moja jino liko kavu hewani karibu zote zimekwisha. Nina maziwa kwenye friji, nilichemsha asubuhi yakapoa, akaniambia mimina kwenye kikombe lichovye ulizungushe vumbi litoke. Maziwa ya kawaida, sio mtindi. Kama hauna maziwa, maji safi ya bomba sekunde chache tu kuondoa mchanga, ila usiliache limelala kwenye maji, maji matupu yanaziua zile chembe.

Halafu akasema sasa lirudishe.

"Mimi wifi?"

"Wewe. Mpaka mfike mjini mpate mtu itakuwa imepita saa nzima."

Nikakaa naye kwenye ngazi ya mlango, nikamwambia baba, mama anakurudishia jino lako, itauma halafu itaisha, tazama juu. Wifi alisisitiza niangalie upande, ule uliobonyea unaelekea kwenye ulimi, na nilinganishe na jino la mbele lililobaki. Nikaliweka kwenye shimo nikasukuma taratibu kwa kidole, likagoma kidogo, nikasikia linateleza ndani mpaka likalingana na mwenzake. Mtoto alipiga kelele mara moja tu. Nikamkunjia kipande cha kanga safi akang'ata, asiachie. Nilivyoangalia saa ilikuwa haijafika nusu saa tangu aanguke.

Sio kila mtoto atakubali, na sio kila mzazi ataweza, hilo naelewa. Ukishindwa liache ndani ya maziwa kwenye kikopo chenye mfuniko ukimbie nalo, maziwa yanakupa muda kidogo, unaweza kufika hospitali bado lina uhai. Hakuna maziwa, mtoto ateme mate kwenye kikopo liloane humo. Chochote ila kavu.

Tukapanda bajaji. Kuna sehemu ya kwanza tulisimama, siitaji, mhudumu aliyekuwepo akasema hilo limeingia uchafu litaoza, ngoja niling'oe nimpe dawa. Nikakataa kwa heshima zote nikamwambia dada asante, nahitaji mtu wa kumfunga waya. Hilo neno wifi alikuwa ameshanipa, na nawaambia na ninyi mlishike, jino lililorudishwa linafungwa waya na meno ya jirani. Wakati sisi tuko njiani wifi anapiga simu, akampata mwenzake waliyesoma pamoja ana kliniki mjini, akakubali kutusubiri.

Pale kwenye benchi tulimkuta kijana mmoja wa kama miaka 25, shavu limevimba mpaka jicho limefinywa, chini ya taya pako gumu, mdomo haufunguki, anatema mate kwenye kikopo kwa sababu kumeza hawezi. Mama yake ananiambia jino la nyuma lilimuuma muda mrefu, wakawa wananunua amoksilini na diklofenaki duka la dawa, maumivu yanapoa yanarudi. Dokta alivyotoka tu akatuomba tusubiri akaanza na yule, na wala hakumgusa jino, akaandika barua na kuwapigia hospitali kubwa wampokee usiku huohuo. Alitueleza baadaye kwamba usaha wa jino ukishuka chini ya ulimi na shingoni uvimbe unaweza kuziba njia ya hewa, mtu anakufa kwa jino, na vidonge peke yake havimalizi kwa sababu chanzo kiko ndani ya jino, lazima usaha utolewe na jino litibiwe au ling'olewe. Nilimsubiri kwa moyo mmoja. Kwa hiyo ukiona mtu jino linamuuma na ana homa, hawezi kufungua mdomo, hawezi kumeza au anapumua kwa shida, msikae foleni, sema mlangoni.

Zamu yetu dokta akapiga picha ya eksirei kuona kama mzizi au mfupa umevunjika, hamna. Akapiga ganzi, akasafisha, akakagua kidonda cha mdomo vizuri kwanza kabla ya kushona, kwa sababu vipande vya jino vinajificha humo. Kisha akafunga waya mwembamba mbele ya meno akaugandisha kwa ile dawa nyeupe ya kuzibia, jino letu na majirani zake. Waya wenyewe unacheza kidogo, nikaogopa, akaniambia ndo inavyotakiwa, ukikazwa sana jino linaganda kwenye mfupa vibaya. Kile kipande cha kona akakigandisha siku nyingine, ukitazama huwezi kujua. Akampa antibayotiki, panadol ya maumivu (aspirini hapana kwa mtoto), na akauliza chanjo ya pepopunda. Utotoni alichanjwa zote lakini kwa sababu jino lilianguka kwenye udongo akaagiza achomwe ya nyongeza.

Waya ulikaa wiki mbili. Hizo wiki mbili kazi yangu ilikuwa chakula na usafi. Uji, mtori, wali uliolainika na maharage, parachichi, mayai. Miwa na mahindi ya kuchoma marufuku, na Morogoro hapa miwa kila kona alikuwa ananilalamikia mpaka nikamhurumia. Mswaki laini kila baada ya kula hata kama anaogopa kupagusa, na asubuhi na usiku anasukutua na ile dawa ya klorheksidini. Mpira na baiskeli hapana.

Kitu ambacho wengi wanakiacha njiani ni mzizi. Kwa mtoto wa umri huu ambaye ncha ya mzizi imeshafunga, mshipa wa ndani ukishakatika haurudi, unakufa, na ukiachwa humo unaoza na kuleta usaha, na mzizi unaanza kuliwa na mwili wenyewe. Kwa hiyo ndani ya zile wiki mbili dokta alitoboa kwa nyuma akasafisha mzizi, akaweka dawa ya kalisiamu ikae, ndo baadaye akauziba moja kwa moja. Haiumi maana kuna ganzi. Kwa mtoto mdogo zaidi, wa miaka 7 au 8, ncha ikiwa bado wazi, wanaweza kusubiri kwanza waone kama mshipa utafufuka. Gharama ilikuwa nzito kwetu, tulilipa kwa awamu, ila waya bila kusafisha mzizi ni kazi nusu, mtu akikwambia jino limeshashika basi nenda nyumbani, uliza mzizi unasafishwa lini.

Dokta hakunidanganya. Alisema jino linaweza kudumu miaka mingi, linaweza pia kuja kuganda kwenye mfupa au mzizi ukaliwa pole pole, ndo maana anataka kuliona kwenye picha mara kwa mara mwaka wa kwanza, halafu kila mwaka mpaka mitano. Nikamuuliza sasa kama linaweza kuja kutoka tunahangaika nini. Akaniambia jino la kupandikiza la skrubu haliwekwi kwa mtoto ambaye taya bado linakua, inasubiriwa mpaka akue, na miaka yote hiyo jino lake mwenyewe linatunza mfupa wa pale mbele usisinyae. Hata lililochelewa, lililokaa kavu zaidi ya saa, madaktari bado wanaweza kulirudisha kwa sababu hiyo. Mimi nilivyosikia hivyo nikaona hakuna jino la kutupa.

Shule ilivyofunguliwa nilienda kumwona mwalimu wa michezo. Alinisikiliza vizuri sana, tukaongeza kwenye boksi lao la huduma ya kwanza kikopo kisafi chenye mfuniko, gozi, na chupa ya maji ya dripu, yale ya chumvi, kwa sababu shuleni hakuna friji ya maziwa. Maji ya dripu yanafaa kusuuzia na kulishikilia kwa muda mfupi wakati mtu anaenda kutafuta maziwa dukani. Nikamwandikia kwenye karatasi wakabandika ndani ya mfuniko wa boksi. Akaniuliza na hawa wadogo wa chekechea je? Nikampigia wifi hapohapo akaongea naye mwenyewe: jino la utoto likitoka halirudishwi, linaweza kuumiza la ukubwani linaloota chini yake, mtoto ang'ate kitambaa safi damu ikatike, apelekwe akaangaliwe. Mwalimu akachukua kalamu akaliongeza chini ya ile karatasi.