Kutoka chuma cha juu hadi ubao wa darasani, Havana

Mtoto wa Kuba huanza jimnastiki akiwa na miaka 5 au 6, samaki bado mbichi. Akionyesha kipaji, huchukuliwa na EIDE, shule za michezo ambako hesabu na mazoezi hugawana siku moja. Wachache mno hufika alikofika Manrique Larduet wa Santiago de Cuba, aliyetwaa medali ya fedha ya jumla ya vifaa vyote kwenye mashindano ya dunia ya Glasgow mwaka 2015, nyuma ya Kohei Uchimura wa Japani. Hata kwa hao wachache, kabla ya miaka 30 mabega huwa yameshaanza kulalamika.

Wengi basi hugeukia ualimu na kuelekea Manuel Fajardo, chuo kikuu cha michezo cha Havana, kilichopewa jina la daktari mpasuaji na mwanamapinduzi aliyeuawa mwaka 1960. Ngazi za ualimu wa chuo nchini humo ni nne: Instructor, Asistente, Profesor Auxiliar, kisha Profesor Titular. Anayetaka ile ya juu kabisa hana budi kuwa na shahada ya udaktari (PhD), na tasnifu hutetewa mbele ya jopo lenye mpinzani rasmi, aliyeisoma kazi nzima akitafuta mahali inapovuja. Medali haimsaidii mtu pale.

Kazi ngumu zaidi ni kuyatia maneno yale ambayo mwili umeyafanya miaka 20 bila kuyasema. Chukua mzunguko mkubwa kwenye chuma cha juu, ile fito ya mlalo ya jimnastiki. Chuma kina unene wa milimita 28, na kiko sentimita 260 juu ya godoro. Mchezaji anasimama kwa mikono juu yake, anaanguka, anapita chini, anarudi juu. Mwanafunzi akikwama kabla ya kufika juu, mwalimu asiye na uzoefu humwambia, "Vuta zaidi!" Ushauri huo ni mbaya. Kosa lilishafanyika wakati wa kushuka: alikunja viwiko au nyonga mapema, akajinyima kasi. Wakati wa kushuka mwili unapaswa kunyooka kabisa, uwe mbali na chuma kadiri iwezekanavyo, ili uzito uuvute kwa nguvu zote. Karibu na chini kifua kinatangulia kidogo, miguu inabaki nyuma. Akishapita chini, miguu inapigwa mbele kwa nguvu. Pigo hilo ndilo linalorudisha nguvu iliyopotea kwenye msuguano wa viganja na hewa. Kisha, akipanda, anafunga mabega na nyonga kidogo, mwili unasogea karibu na chuma na kuzunguka upesi zaidi.

Profesa aliyewahi kuning'inia pale hatazami miguu inapofika juu. Macho yake yako kwenye mabega, robo ya kwanza ya mzunguko.

Mafunzo ya awali hufanywa na mikanda ya kufunga viganja kwenye chuma, kwa sababu pale chini mikono hubeba zaidi ya mara 3 ya uzito wa mwili. Kwa kijana wa kilo 60, hizo ni zaidi ya kilo 180 zinazoning'inia vidoleni. Mizunguko 5, kisha apumzike. Kiganja kikianza kuwaka, ashuke hapo hapo: ngozi ikichanika, mazoezi ya siku kadhaa yamekwenda.