Kabla hujafungua majibu ya LSAT

Anayejisomea LSAT, mtihani wa kuingilia skuli za sheria, hapa Unguja au Pemba kwa nia ya kuomba skuli ya sheria Marekani au Kanada, nguvu zake kubwa azipeleke kwenye maswali ya hoja. Tangu Agosti 2024 mafumbo ya kupanga watu na vitu yameondolewa. Sehemu zenye alama sasa ni tatu, na mbili ni za hoja: dakika 35 kila moja, maswali kama 25.

Wengi hufanya majaribio mengi wakayapitia mbio mbio, na alama zikabaki palepale. Tega saa, fanya sehemu moja, na kila swali ulilosita ulitie alama. Saa ikilia, usifungue majibu. Yarudie uliyoyatia alama bila saa, andika jibu la pili pembeni, ndipo usahihishe. Ulipokosa mwanzo ukapata baadaye, kinachokuangusha ni mwendo. Ulipokosa mara zote mbili, hoja hukuielewa. Hapo kaa hata nusu saa kwa swali moja. Baya zaidi ni lile ulilokosa bila kulitilia shaka. Liandike daftarini, ueleze jibu la uongo lilikuvutia kwa lipi.

Chukua hoja hii: “Tangu hoteli ifunguliwe ufukweni, kina mama wanapata pweza wachache. Kwa hiyo hoteli imesababisha upungufu huu.” Ukiulizwa hoja inategemea dhana gani, yaani jambo lisilotajwa ambalo hoja inalichukulia kuwa kweli, kanusha kila jibu. “Upungufu haukuanza kabla hoteli haijaanza kujengwa.” Kanusha: ulianza kabla. Hoja imeanguka, basi jibu ni hilo. “Kila hoteli ya ufukweni hupunguza pweza.” Kanusha: zipo zisizopunguza. Hoja bado imesimama, maana inaisema hoteli hii moja tu. Wengi hunasa kwenye hili la pili kwa sababu linasikika zito. Lakini angalia swali limeuliza nini: likitaka dhana itakayoitosheleza hoja, jibu zito mara nyingi ndilo lenyewe, na kipimo cha kukanusha hakifai.

Neno jingine linaloangusha watu ni “unless”. Lisome kama “ila” yetu: hupandi boti ya Mkoani ila uwe na tiketi. Aliyepanda ana tiketi, asiye nayo hakupanda. Mwenye tiketi je? Huenda yumo, huenda amechelewa bandarini. Kumhesabu kuwa amepanda ni kuigeuza kanuni, na watunga mtihani huliweka kosa hilo miongoni mwa majibu matano mara nyingi. Ichore kanuni kwa mshale (amepanda → ana tiketi) mpaka mkono uzoee.

Kwa wastani una sekunde 84 kwa swali. Likikushika dakika mbili, chagua lolote, liwekee alama, songa mbele. Jibu la makosa halipunguzi alama, kwa hiyo usiache hata moja wazi. Majaribio halisi ya bure yapo LawHub, tovuti ya LSAC wanaotunga mtihani. Fanya sehemu mbili kwa wiki, na siku zilizobaki zitumie kuzirejea.